Kiti cha Karani na Bei Yake

Huko Marekani kipo kiti cha ofisi kiitwacho Aeron, ambacho bei yake kikiwa kipya yapita dola 1,000. Kwa fedha yetu ya Tanzania ni zaidi ya shilingi milioni mbili, yaani ng'ombe wawili wazuri na mbuzi juu yake. Si kiti cha enzi, wala hakikupambwa dhahabu. Ni kiti cha mtu anayefanya kazi kwa kompyuta. Nilipowaeleza wazee wetu habari hii walicheka sana, na mmoja akaniuliza kama kiti hicho chakamuliwa maziwa asubuhi au jioni.

Hata mimi nilicheka. Lakini napenda tuzungumze kidogo, ninyi nami, juu ya mambo haya, maana si ya Wamarekani peke yao tena. Kompyuta zimekwisha fika vijijini. Ziko katika ofisi ya kata, katika shule ya sekondari, katika zahanati, katika vibanda vya kupigia chapa na kutoa nakala pale stendi. Wanaozitumia ni watoto wenu. Mzazi hufurahi akisema, "Binti yangu hashiki jembe, akaa kivulini akibonyeza herufi." Ni kweli akaa kivulini. Lakini akaa juu ya nini?

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache, kisha nikaitwa kufanya kazi ya ofisi ya parokia, na watu wangali wakiniita Mwalimu. Kazi yangu kubwa ni daftari. Mjuavyo, kila Mkristo aliyebatizwa kwetu jina lake limo katika daftari la ubatizo: jina, wazazi, msimamizi, tarehe, na pembeni huandikwa kipaimara na ndoa. Daftari nyingine ni za zamani mno, wino umefifia, na mchwa wameonja pembe zake. Ndiyo maana mwaka 2021 parokia ilipata kompyuta mpakato, ile inayofungwa na kufunguliwa kama kitabu, nami nikapewa kazi ya kuyanakili majina yote humo. Ni maelfu kwa maelfu. Siku njema huingiza majina 60 au 70, na katikati ya kazi hiyo huja watu wakitaka vyeti: huyu aoa Mwanza, yule aandikishwa seminari.

Meza niliyokuta ofisini ni ya mninga, nzito, ndefu kuliko meza za kawaida. Kiti kilikuwa benchi lililotolewa kanisani baada ya kuvunjika mguu mmoja na kutengenezwa. Sasa fikirini. Meza iko juu, benchi liko chini, kompyuta iko juu ya meza. Mikono yapanda kama ya mtu anayechungulia dirisha, mabega yapanda pamoja nayo, shingo yainama kutafuta kioo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hivi, au 5. Kikiwa kimesimama sawasawa juu ya mabega hakitusumbui, mifupa yakichukua. Kikiinama mbele, misuli ya shingo ndiyo yashika kamba kutwa nzima. Mjaribu kushika ndoo ndogo ya maji karibu na kifua, kisha muishike kwa mkono ulionyoshwa, mtanielewa upesi.

Mwaka wa pili vidole vyangu vilianza kufa ganzi usiku. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kuume. Naamka saa 8 ya usiku naupunga mkono kama anayefukuza nyuki. Mke wangu alisema ni baridi. Jirani alisema nimerogwa na mtu aliyenyimwa cheti. Nilipokwenda hospitali, tabibu kijana aliutazama mkono, akaukunja, akaugonga gonga penye kifundo, halafu akauliza neno moja: "Wafanya kazi gani?"

Swali hilo lina historia yake, nami nimeisoma kwa furaha. Palikuwa na daktari Mwitalia jina lake Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa mwaka 1633. Siku moja nyumbani kwake mtu alikuwa akisafisha shimo la choo, naye daktari akaona yule mtu aharakisha mno. Akamwuliza sababu. Akajibiwa kwamba mtu akikaa mle zaidi ya saa nne macho yake yataharibika. Yule bwana hakupita kama wapitavyo mabwana wengine. Alianza kuzunguka katika karakana, machimboni, kwa wafinyanzi, kwa wafuaji nguo, akiuliza kila mtu ni nini kinamwumiza, na mwaka 1700 akapiga chapa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja katika maswali wamwulizayo mgonjwa, nalo ndilo lile la tabibu wangu.

Basi katika kitabu chake makarani wamo! Alisema shida zao zatokana na mambo matatu: kukaa daima, mkono kwenda mwendo ule ule bila kukoma, na akili kukazwa isikosee hesabu. Akataja mwandishi mmoja aliyemjua, ambaye mkono wake wa kuume ulichoka, ukachoka, mpaka ukapooza. Yule akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, na wa kushoto ukashikwa na ugonjwa ule ule. Hayo yalikuwa ya kalamu ya unyoya, miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Niliposoma habari ya mkono wa kushoto niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Tabibu alinieleza kwamba penye kifundo cha mkono pana njia nyembamba, na ndani yake hupita mshipa mmoja wa fahamu pamoja na kano 9 zinazovuta vidole. Njia ikibanwa, mshipa ule hulalamika, na vidole vyake hufa ganzi. Hakuniambia kwamba kompyuta ndiyo mwenye kosa peke yake. Kwa haki yapasa niseme hivyo, maana wataalamu wenyewe wanabishana: kazi za nguvu na za mashine za kutetemeka zashitakiwa zaidi kwa ugonjwa huu kuliko kubonyeza herufi. Lakini alisema mkono uliokunjwa saa nyingi haupumziki, akanipa kibao cha kuufunga usiku, akaniambia nibadili namna ya kukaa.

Kubadili! Hapo ndipo bei inapoingia.

Iko elimu nzima ya kupatanisha kazi na mwili wa mtu. Yaitwa ergonomia, na jina hilo lilitungwa na Mpolandi, Wojciech Jastrzębowski, mwaka 1857, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi na sheria. Wenye elimu hiyo wasema mtu asikunjwe afanane na chombo, bali chombo kitengenezwe kifanane na mtu. Ni neno zuri sana. Nalo limekuwa biashara kubwa sana.

Ile Aeron ilitoka mwaka 1994. Walioichora ni wawili, Bill Stumpf na Don Chadwick, nao kabla ya hapo walikuwa wakitafuta kiti kifaacho wazee, watu wakaao muda mrefu na ambao ngozi yao yaumia upesi. Kwa hiyo badala ya godoro waliweka wavu unaopitisha hewa, na wakakitengeneza kwa saizi tatu kama viatu. Mwaka huo huo 1994 kampuni ya Microsoft ilitoa kibao cha herufi kilichogawanyika katikati kama paa la nyumba, ili mikono isipindwe kwenda nje. Siku hizi viko vibao vya herufi vya vipande viwili, kimoja huku na kimoja huku, na vingine bei yake yapita dola 300. Hata kipanya, kile kidude tukishikacho mkononi kuongoza mshale kiooni, kina ndugu zake wa bei: kimoja chasimama wima kama mtu anayetoa mkono wa salamu, kingine kina mpira wa kuzungusha kwa kidole gumba. Kipanya cha kwanza kabisa, cha Bwana Douglas Engelbart, mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa, chenye magurudumu chini. Seremala wetu alifurahi aliposikia hayo, akasema kumbe kazi ilianzia kwao.

Sasa je, vitu hivi vyafaa kweli, au ni kuuziwa upepo? Nilitafuta sana jibu la swali hili, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Mwaka 2018 madaktari waliokusanya majaribio mengi yaliyofanywa maofisini waliyapima pamoja. Juu ya kegemeo la mkono na kipanya cha namna nyingine, majaribio hayakupatana: huku yasema chafaa, huku yasema hakuna tofauti. Juu ya vifaa vingine hawakuona ushahidi kwamba vyazuia maumivu ya shingo na mikono. Sikilizeni vizuri. Hawakusema kwamba kukaa vibaya hakuumizi. Walisema kwamba kununua kifaa hakujathibitika kuzuia. Maneno hayo mawili ni mbalimbali, na wenye maduka hawapendi tuyatenganishe.

Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya faida si katika kifaa chenyewe, ni katika vipimo. Kiti cha ng'ombe wawili chafaa kwa sababu chapanda na kushuka, chaegemea na kusimama, basi chaweza kumfaa mrefu na mfupi. Pale wanapobadilishana watu 200 katika jumba moja, kiti cha namna hiyo chalipa. Lakini parokia ina karani mmoja, na urefu wa miguu yangu haubadiliki. Chatakiwa kiti kimoja chenye kimo kimoja, kimo changu.

Katika halmashauri ya parokia jambo liliwekwa mezani mwezi wa Februari. Katibu alikuwa ameuliza bei mjini: kiti cha ofisi cha magurudumu, shilingi 400,000. Palizuka kelele. Mzee mmoja aliyechoma matofali ya kanisa hili akiwa kijana alisema, "Mwalimu, sisi tulikaa juu ya mawe, na kanisa limesimama." Mwingine alisema ofisi ikinunua kiti cha 400,000 waumini watatoa sadaka ya mayai mabovu. Mwenyekiti akajaribu kunitetea kwamba karani akilala, vyeti vyalala, na ndoa zalala pia. Ndipo mama mmoja mjumbe akasimama. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia: "Simchukii Mwalimu, pole yake kwa mkono. Lakini yeye aumia kwa kukaa. Sisi tunaoinama tangu alfajiri, migongo yetu iliulizwa bei lini?"

Chumba kilinyamaza. Sikuwa na jibu, na sidhani kama lilitakiwa jibu la maneno. Mke wangu alima. Mama yangu alilima mpaka mwaka aliofariki, na kwa miaka yake ya mwisho hata akitembea njiani na fimbo alikuwa bado ameinama kama yuko katika palizi. Hakuna aliyesema ni ugonjwa wa kazi. Tulisema ni uzee.

Yafaa mjue kwamba jambo hili la kuinama lilifikishwa mbele ya mahakama huko California, Marekani. Vibarua wa mashamba ya letusi na viazisukari, wengi wao Wameksiko, walilazimishwa kupalilia na kupunguza miche kwa jembe dogo lenye mpini usiozidi futi mbili hivi. Wao waliliita kwa Kihispania el cortito, yaani kafupi. Wenye mashamba walisema bila jembe fupi kibarua hawezi kuona vizuri, atakata mche badala ya jani, na kilimo kitaharibika. Vibarua walisema pia, na hilo laeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimamiwa, kwamba jembe fupi lamfaa mnyapara: aliyesimama wima huonekana mara moja kuwa hafanyi kazi. Cesar Chavez, mlei Mkatoliki aliyewaongoza vibarua wale, alikuwa na maumivu ya mgongo maisha yake, na alilisingizia jembe lile. Madaktari walitoa ushahidi, wanasheria wakashughulika, na mwaka 1975 jembe fupi likapigwa marufuku katika jimbo lile. Wakulima wale hawakufilisika. Letusi ya California yaliwa mpaka leo.

Niliwasimulia habari hiyo katika kikao kilichofuata, nikawaambia sitaki kiti cha 400,000. Niliomba wanipe ruhusa ya kwenda kwa seremala na kamba ya kupimia. Halmashauri ikatenga 150,000 na kunitaka nirudi na hesabu.

Hesabu ndiyo hii. Kiti cha mbao chenye mgongo ulioegama kidogo kwenda nyuma, 45,000. Kimo chake nilikipima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti nikiwa na viatu, na mgongoni kimewekwa ubao mdogo wa kusukuma kiuno. Mto ni wa nyumbani, hauhesabiwi. Sanduku la kuinulia kompyuta, 8,000. Hili laleta faida kuliko vyote, kwa sababu ubaya wa kompyuta mpakato ni huu: kioo na herufi vimefungwa pamoja. Ukiinua kioo kifikie macho, mikono yaning'inia. Ukishusha herufi zifikie mikono, shingo yavunjika. Hapana budi kuvitenga. Basi kompyuta hukaa juu ya sanduku, ukingo wa juu wa kioo ukilingana na macho, umbali wa mkono mmoja, na kwa kuandikia nilinunua mjini kibao cha herufi cha kawaida, cha waya, kwa 20,000, na kipanya kwa 10,000. Ile meza ya mninga ilikatwa miguu. Baba Paroko alisikitika kidogo, maana ni meza ya wamisionari wa kwanza, lakini alishika msumeno upande mmoja. Viwiko vyangu sasa vyakaa ubavuni, kifundo cha mkono kimenyooka, nyayo zagusa sakafu. Jumla ni shilingi 83,000.

Wenye watoto katika vibanda vya stendi, wapimeni hivyo hivyo. Hata bila seremala, tofali chini ya miguu ya aliye mfupi, vitabu vinene chini ya kompyuta, na kibao cha 20,000 vyatosha kwa kuanzia. Tena waambieni wainuke. Hakuna kiti, cha Marekani wala cha seremala wetu, kilichotengenezwa kwa mtu asiyeinuka. Mimi hutumia kengele ya shule ya jirani: ikilia, nasimama, nakwenda mpaka mtungini, natazama mlima ili macho yapumzike, maana mtu akikodolea kioo husahau kupepesa, na macho hukauka. Mkono wangu haujapona kabisa. Ganzi huja mara moja moja, hasa wiki za Pasaka wabatizwa wakiwa wengi. Lakini nalala usiku.

Zilibaki 67,000. Yule mama mjumbe alisimama tena, akasema fedha hizo zilitengwa kwa ajili ya mgongo, basi zisirudi kwenye mfuko wa mishumaa. Halmashauri ikakubali, na zikanunuliwa fito 20 za mipini mirefu kwa 3,000 kila mmoja, ili wanawake wa shamba la parokia waijaribu wakati wa palizi. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba vipimo si vya karani peke yake. Kwenye udongo mgumu jembe la mpini mrefu liliteleza bila kuuma ardhi, kwa kuwa bapa lake limekunjwa kwa ajili ya mtu aliyeinama. Wanawake wengine walichekwa na wapita njia kwamba walima kama wanaofagia. Wiki ya pili mipini 6 ilikuwa imekwisha katwa. Mipini 14 yaendelea, kwenye maharage na karanga, ambako udongo ni laini, na mke wangu ana mmoja wao. Mhunzi asema aweza kulikunjua bapa kidogo likipashwa moto, na Jumamosi hii atajaribu matatu. Katika daftari la hesabu bado kuna shilingi 7,000 kwa ajili ya mkaa wake.